Riwaya za wanawake weusi kwa kikundi cha kusoma: kipi kianze, kipi kisubiri

Wanawake kumi wa Uyole au Soweto ya Mbeya wakikubaliana kwamba, pamoja na hisa za kila wiki, wachangie pia vitabu, swali la kwanza huwa pesa na la pili huwa Kiingereza. Yote mawili yana majibu. Kinachovunja kikundi ni mpangilio. Wananunua Beloved ya Toni Morrison kwanza kwa sababu ndiyo yenye jina kubwa, wanapotea kabla ya robo ya kitabu, na mkutano wa nne wanafika watu watatu na chupa ya chai iliyojaa.

Mapitio haya ni ya riwaya tano, na ya sita kwa ufupi, zilizoandikwa na wanawake weusi kuhusu jamii, utambulisho na kupona. Zimepimwa kwa kipimo kimoja: zinasomekaje kwa sauti, mbele ya watu wanaojuana, katika sebule ya Mbeya au Iringa jioni ya Julai, baridi ikiwa imeshuka? Kipimo hiki kinatokana na vitabu vyenyewe. Ndani yake hakuna anayepona akiwa peke yake chumbani. Kuna anayeleta maji, anayeleta sahani ya chakula, anayeshika kitambaa, anayeanzisha wimbo. Neno uponyaji kwetu Nyanda za Juu limeshikwa na mikutano ya injili, kwa hiyo mwaambieni kila mwanachama mapema kwamba humu hakuna muujiza wa dakika tano. Kuna kazi ya mikono, na inachukua muda.

Anzeni na Mariama Bâ wa Senegali. Riwaya yake ilitoka kwa Kifaransa mwaka 1979, mwaka uliofuata ikapata Tuzo ya Noma ya vitabu vya Afrika kwa mara ya kwanza tuzo hiyo kutolewa, na Kiswahili chake kipo: Barua Ndefu Kama Hii. Ni fupi, toleo la Kiingereza halifiki kurasa 100. Sura ni 27, nyingi za kurasa mbili hadi nne, kwa hiyo mikutano minne inatosha. Ramatoulaye amefiwa na mumewe Modou, yumo ndani ya eda, na anaandika barua kwa rafiki yake Aïssatou aliye Marekani. Modou, baada ya watoto kumi na wawili, alikuwa amemuoa Binetou, rafiki wa shule wa binti yao mwenyewe.

Uzuri wa kuanzia hapa ni kwamba maneno magumu ya kitabu yameshakuwa yetu: eda, mirathi, arobaini. Msomaji wa Paris anahitaji maelezo ya chini ya ukurasa. Mama wa Mbalizi anahitaji tu kuambiwa kwamba eda ni miezi minne na siku kumi, na kama kikundi kina Waislamu, wao ndio waeleze. Kwenye mirathi msipite haraka. Bâ anaishika kama kufungua yote ya marehemu, siri zake pamoja na mali zake, na kitabu kizima kimejengwa juu ya ufunguzi huo: mjane anatoa nje, kimoja baada ya kingine, vile alivyofichwa.

Someni polepole pia ukurasa wa msiba ambapo wageni wanatoa pesa na mchango wa kila mmoja unaandikwa, kwa sababu ni deni la kurudishwa siku ya msiba wao. Daftari la rambirambi hilo! Kila aliyewahi kukaa mezani na kalamu kwenye msiba wa Kinyakyusa ataujua ukurasa huo bila mwalimu. Hapo ndipo kikundi kinapoamini kwamba vitabu hivi vinawahusu. Zaidi ya hapo, angalieni Aïssatou anachokifanya kwa ajili ya rafiki yake anayehangaika na mabasi: anamnunulia gari, Fiat 125, bila hotuba yoyote. Urafiki wa wanawake wawili umepimwa kwa kitu chenye magurudumu.

Kinachoharibika kwenye kitabu hiki ni mjadala. Ndani ya nusu saa watu wanaacha kitabu na kuanza kubishana kama mitala ni halali, Wakristo upande huu, Waislamu ule, na Ramatoulaye anasahaulika mezani. Dawa yake ni swali moja ambalo kiongozi wa kikundi analishika kwa vitabu vyote: nani alifanya nini kwa mikono yake? Swali hilo linawarudisha watu kwenye ukurasa, na kwa kuwa jibu lipo kwenye maandishi, hata asiyependa kubishana anapata la kusema.

Cha pili kiwe The Women of Brewster Place cha Gloria Naylor, 1982, kilichopata Tuzo ya Kitaifa ya Vitabu ya Marekani mwaka 1983 kama riwaya ya kwanza ya mwandishi. Kina hadithi saba za wanawake wa mtaa mmoja uliozibwa na ukuta mwishoni. Kwa kikundi, umbo hilo ni neema: aliyekosa mkutano uliopita hajapotea. Hadithi ya Mattie Michael na ile ya wanawake wawili, Lorraine na Theresa, ni ndefu. Kila moja ipewe mikutano miwili au zaidi. Nyingine zinaingia katika mkutano mmoja au miwili.

Hesabu ya muda ni hii. Ukurasa mmoja wa Kiingereza husomwa kwa sauti kwa dakika mbili hivi. Ukiweka na kueleza kwa Kiswahili, dakika nne hadi tano. Mkutano wa saa mbili, ukitoa salamu, chai na mazungumzo ya mwisho, unabeba kurasa 15, ukikazana 18. Kikundi kinachojipangia kurasa 40 kinajidanganya. Msomaji awe mmoja na mwelezaji awe mwingine, kwa sababu anayefanya yote mawili huanza kuruka sentensi ngumu. Mwelezaji apitie sehemu yake nyumbani siku mbili kabla, akiwa na penseli. Nakala moja kwa watu watatu inatosha.

Ndani ya Brewster Place kuna kurasa chache ambazo peke yake zinalipa bei ya kitabu. Ciel amempoteza mtoto wake mdogo, Serena, aliyechomeka uma kwenye soketi ya umeme wakati wazazi wanagombana chumba cha pili. Baada ya mazishi Ciel amelala, hali, hanywi, hasemi, anajiachia afe. Watu wanakuja na maneno ya faraja na kuondoka nayo. Mattie anaingia, anamkamata, anampakata kitandani na kumbembeleza mbele na nyuma, mbele na nyuma, mpaka maumivu yanatoka kama matapishi. Kisha anajaza maji, anamvua, na kumwosha kwa sabuni na mikono mitupu, bila kitambaa: nywele, shingo, kiungo kwa kiungo. Anambadilishia mashuka. Ndipo Ciel analia, na baada ya kulia anapata usingizi.

Hapa msomaji asikimbie. Naylor ameandika kuogesha kule kama mtu aliyewahi kumwogesha mzazi aliyejifungua au mgonjwa aliyelazwa muda mrefu, na wanawake wa kikundi wataona mpangilio huo ni sahihi. Baada ya ukurasa huo acheni kimya. Anayeharakisha kuuliza "tumejifunza nini?" anaharibu.

Onyo liwekwe wazi: hadithi ya Lorraine na Theresa inaishia kwenye ubakaji wa kundi ulioandikwa bila pazia. The Color Purple, kinachofuata, nayo inafungua na msichana wa miaka 14 anayebakwa na mtu anayemjua kama baba yake. Mwanachama aambiwe wiki moja kabla, siyo dakika moja kabla, na aruhusiwe kukosa mkutano huo bila kuulizwa sababu. Yawezekana mtu akasema lake siku hiyo. Kikundi cha kusoma siyo hospitali wala mahakama, kwa hiyo kiongozi ajue mapema dawati la jinsia na watoto la polisi lililo karibu, na namba 116 ya kupiga bure kwa habari za mtoto. Yaandikwe nyuma ya jalada la daftari la kikundi, yakae hapo.

Alice Walker, mwandishi wa The Color Purple (1982), alipata Tuzo ya Pulitzer ya Marekani kwa riwaya mwaka 1983, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Kwa kikundi hiki kiwe cha tatu. Kimeandikwa kwa barua, na Celie, msichana yule, anaandika kama anavyosema, Kiingereza cha kijijini Georgia ambacho mwalimu wa shule ya msingi angekichora kalamu nyekundu kote. Wasomaji wa kwetu hujikwaa hapo kwa sababu tumefundishwa Kiingereza cha mtihani. Ukisoma kimya, unaona makosa. Ukisoma kwa sauti, unasikia mtu. Ndiyo sababu kubwa ya kutokisoma kimyakimya.

Mwelezaji naye asimgeuze Celie kuwa msomaji wa taarifa ya habari. Kiswahili cha Celie kiwe kile cha sokoni Mwanjelwa asubuhi, kifupi, chenye lafudhi, pengine na neno la Kisafwa au Kinyakyusa pale linapokuja lenyewe. Walker mwenyewe ameliweka jambo hili kitabuni: Darlene, msaidizi wake wa kushona, anajaribu kumfundisha Celie kusema kwa ufasaha, na Celie anaona ni mjinga tu atakayetaka useme kwa namna ambayo akili yako inaiona ngeni.

Mikono humu iko kwenye cherehani. Celie anashona suruali, moja, nyingine, mpaka inakuwa biashara. Fundi yeyote atapenda suruali ya Jack: kitambaa cha rangi ya ngamia, laini lakini kigumu kuchanika, na mifuko mikubwa kwa sababu Jack anabeba vikorokoro vya watoto, gololi na kamba na mawe. Celie anamtazama mtu kwanza, ndipo anakata. Mwishoni hata Albert, mumewe aliyempiga miaka yote ile, anakaa naye barazani anashona. Msiruke barua za Nettie, mdogo wake Celie, kutoka Afrika, ingawa mwendo wake ni mzito na kikundi kitalalamika. Kampuni ya mpira inapitisha barabara katikati ya kijiji cha Waolinka na kuchukua ardhi. Msomaji wa Mufindi au Rungwe, anayeishi kando ya mashamba makubwa ya chai, ana ya kusema kuhusu kurasa hizo kuliko profesa wa Atlanta.

Praisesong for the Widow cha Paule Marshall (1983) ndicho ambacho mwandishi wa mapitio haya angekiokoa kwanza nyumba ikiungua. Hakijulikani sana kwetu, na ni hasara. Avey Johnson, mjane wa Kimarekani wa miaka 64, yuko kwenye meli ya starehe katika Karibi. Usiku mmoja, bila kujua kwa nini, anafunga masanduku yake sita na kushuka Grenada. Mzee mmoja, Lebert Joseph, anamvuta mpaka kisiwa kidogo cha Carriacou, ambako watu hukusanyika kila mwaka kwa ajili ya wahenga wao.

Kitabu kina sehemu nne, na ya tatu inaitwa Lavé Tête, kuosha kichwa kwa Krioli. Ndani ya mashua Avey anatapika na kujichafua mbele ya watu, yeye wa glovu na kofia, huku wanawake wazee wamemshika. Akifika, Rosalie, binti wa Lebert, anamwogesha kwenye beseni la bati na kumkanda kwa mafuta mpaka misuli iliyolala miaka inaanza kuamka. Someni sura hii mkutano mmoja baada ya kurudia kurasa za Mattie na Ciel. Marshall na Naylor waliandika karibu wakati mmoja, na ukiviweka vitabu viwili pamoja unaona tofauti: Mattie anaosha ili mtu asife, Rosalie anaosha ili mtu ajue ametoka wapi.

Usiku unafuata wa ngoma. Kwanza wanapiga magoti na kuwaombea ndugu zao msamaha kwa wahenga. Halafu kila taifa linacheza ngoma yake: Watemne, Waarada, Wakongo, Wacromanti. Lebert alikuwa amemuuliza Avey yeye ni wa taifa gani, naye hakuwa na jibu. Swali hilo kwetu halina ugeni, ukifika Tukuyu au Ilula unaulizwa ukoo wako kabla ya kupewa kigoda. Kwa hiyo kikundi kinaweza kuona aibu ya Avey ni ndogo. Mwelezaji akumbushe kwamba huyu ni mtu ambaye ukoo wake ulikatwa na meli. Kule South Carolina, Shangazi Cuney alimsimulia akiwa mtoto kuhusu Waigbo walioshushwa, wakatazama, wakageuka na kutembea juu ya maji kurudi kwao. Masimulizi hayo yana mzizi wa kweli: mwaka 1803, katika kisiwa cha St. Simons, Georgia, Waigbo waliotekwa waliingia majini kuliko kuwa watumwa. Elezeni tukio hilo mwanzoni, maana bila hilo sehemu ya kwanza haishiki.

Ndipo sasa Beloved cha Toni Morrison. Kilitoka mwaka 1987, kikapata Pulitzer mwaka 1988, na Morrison akapata Nobel mwaka 1993. Ni kitabu kikubwa kuliko vyote hapa, na kinastahili kusubiriwa. Sethe, mtumwa aliyetoroka, alimuua binti yake mchanga asirudishwe utumwani, na sasa nyumba namba 124 ina mzuka. Kisa kilichomgusa Morrison ni cha Margaret Garner, mwaka 1856.

Kitabu hiki kinawashinda watu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni wakati: simulizi linaruka mbele na nyuma bila tangazo. Andikeni karatasi kubwa ukutani, 1855 Sethe anafika Ohio, siku 28 za uhuru, kisha tendo lile. 1873 ndiyo leo ya kitabu. Kila mara msimulizi anaporuka, mtu mmoja anaonyesha kwa kidole tuko wapi. Ya pili ni sura hazina namba. Nakala za wachapaji tofauti hazilingani kurasa, kwa hiyo siku ya kwanza hesabuni sura kwa penseli, 28, mziandike namba kwenye nakala zote. Sehemu ya pili ina sura ambazo Sethe, binti yake Denver, na Beloved, msichana wanayemwona kuwa yule mtoto aliyeuawa amerudi, wanasema kila mmoja kwa nafsi yake, na ya Beloved karibu haina alama za uandishi. Macho yanakwama pale. Wapeni wasomaji watatu, sauti tatu, wakae wakitazamana. Sauti zinapochanganyika katika sura inayofuata, kila mmoja aseme mstari wake. Kilichoonekana fumbo kinakuwa mazungumzo ya mama na mabinti.

Msikae saa mbili mkihukumu kama Sethe ana dhambi. Nendeni kwenye karamu iliyotangulia tendo lile. Stamp Paid, rafiki wa familia, analeta ndoo mbili za matunda, Baby Suggs, mama mkwe wa Sethe, anaongeza kidogo, wanaongeza tena, mpaka watu tisini wanakula. Kesho yake majirani wana kinyongo: kwa nini yeye apate vyote? Kwa kinyongo hicho hakuna anayekimbia kuwaonya kwamba wawindaji wa watumwa wanakuja. Monica Wilson, aliyeandika juu ya Wanyakyusa kuanzia Good Company ya mwaka 1951, alieleza hasira ya majirani isiyosemwa kama kitu kinachodhuru, na kwamba katika ibada za ukoo waliokasirikiana lazima waseme waziwazi, la sivyo ibada haina nguvu. Msomaji aliyekulia Rungwe amepewa ufunguo wa sura ile nyumbani kwao. Na marekebisho ya kosa hilo yanakuja polepole vilevile: Denver anapotoka nje hatimaye kuomba msaada, sahani za chakula zinaanza kuonekana uani, nyingine zikiwa na jina la mwenye sahani ili irudishwe. Kila kurudisha sahani ni kupiga hodi nyumba moja. Mwishoni wanawake thelathini wanasimama mbele ya 124 na kuimba.

The Salt Eaters cha Toni Cade Bambara (1980) kiachwe kwa kikundi kilichomaliza hivyo vyote. Kiini chake ni kizuri mno: Velma amejaribu kujiua, na mganga Minnie Ransom, wakiwa wamekaa kwenye vigoda wakitazamana, anamuuliza kama ana hakika kweli anataka kupona. Ila tiba hiyo isiyofika saa nzima imetandazwa kwenye kurasa zinazokaribia 300 na watu wengi wanaoingia na kutoka. Kwa kusoma kwa sauti, kinachosha.

Kuhusu nakala zenyewe. Zikitoka Dar kwa basi hadi Mbeya ni safari ya zaidi ya kilomita 800, kwa hiyo ziombewe nailoni ndani ya katoni, maana buti la basi wakati wa mvua huingiza maji. Zikifika, fungua kila nakala mbele ya kondakta. Kitabu cha wizi wa hakimiliki hujulikana kwa wino uliofifia upande mmoja, mistari iliyopinda na, kibaya zaidi, kurasa 16 au 32 zilizorudiwa huku nyingine hazipo. Pindua namba za kurasa kwa kidole mwanzo hadi mwisho, ni dakika moja. Gundi ya jalada laini hukakamaa kwenye baridi. Ukikipasua kitabu kipya katikati asubuhi ya Juni, mgongo unakatika. Kifungue kurasa kumi kumi kutoka pande zote mbili kuelekea kati. Tukuyu, mvua yake haina likizo, vitabu visiegemee ukuta wa nje, viachwe nafasi ya vidole vinne hewa ipite, la sivyo ukungu unaanzia kwenye kingo.

Kikundi chenye bahati ya kupata Three Solid Stones cha Martha Mvungi (Heinemann, 1975), pengine kwenye maktaba ya chuo, kiazime mara moja. Hadithi zake zimechotwa kwenye ngano za Kibena na Kihehe, na ni fupi, za kusomwa jioni moja. Kama kuna bibi kutoka Njombe au Kilolo anayezijua ngano hizo, mpeni nafasi asimulie kwanza, ndipo mfungue kitabu. Mkianza na kitabu atakaa kimya akidhani kimeshasema yote.